Jeshi la Fundi Meno

Jino langu la mbele, hili la juu upande wa kushoto, si langu. La kwangu nililivunja harusini nikijitia kufungua soda kwa meno, na aliyenitengenezea hili ni Tusajigwe, ambaye hapa Kyela mjini tunamwita Mama Lusungu. Wasiomjua kwa jina humwita Fundi Meno. Mwaka wa saba huu nalitafunia mahindi ya kuchoma na hakuna aliyewahi kulitambua. Kazi yake ndiyo ilivyo: akiifanya vizuri, haionekani. Mtu atacheka mbele za watu, watu watasema huyu kajaliwa meno, na Tusajigwe atakuwa kule nyuma ya soko, katika chumba kilichopakana na mashine ya kukoboa mpunga, akichonga jino la mtu mwingine.

Mwanamke huyu ana miaka arobaini na sita. Ni mzee wa kanisa, na mumewe Ezekiel ni mkulima wa kakao Talatala. Binti yao Lusungu anasoma ualimu Iringa. Ukimwona barabarani na mkoba wake mweusi huwezi kufikiri kwamba ana jeshi. Lakini analo, na nilikuwapo lilipokwenda vitani mara ya kwanza, ndiyo maana naona nilieleze mimi.

Alizaliwa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na milima, ambako mtu hufika kwa mtumbwi kutoka Matema. Mama yake, Damaris, ni mfinyanzi, kama walivyo wanawake wengi wa kule. Kazi ya Tusajigwe utotoni ilikuwa kusugua vyungu kwa kokoto laini kabla havijachomwa, na vipande vya udongo vilivyodondoka alivifinyanga kuku, mbuzi na watu wadogo. Mama yake akivikuta alivikusanya vyote, akavifinya vikawa donge moja, akalirudisha kwenye udongo wa vyungu. Hakuwa na hasira. Udongo ule ulikuja kwa mtumbwi, na mtumbwi haujipigi kasia wenyewe.

Alipomaliza shule alichaguliwa kwenda kusomea utengenezaji wa meno bandia. Walimu wake walishangaa: wenzake walihangaika miezi kuchonga gego la nta, yeye alilichonga siku ya pili. Alirudi nyumbani akiwa na cheti, taa ya spiriti, visu vidogo na keekee ya kutobolea, akapanga chumba, na tangu hapo nusu ya wazee wa wilaya hii wanatafuna kwa mikono yake. Ezekiel aliniambia siku moja kwamba mkewe hakuwahi kulalamikia kazi hiyo, ila jioni akimaliza kula alikuwa akichukua kipande cha ugali, anakifinyanga ndege, anakitazama kidogo, halafu anakitia mdomoni.

Boksi lililetwa na Godwin, binamu yake. Godwin ni mfanyabiashara wa kuvuka mpaka; bibi yake mzaa mama kazikwa Karonga, na upande wa Malawi ana shangazi wengi kuliko upande huu. Miaka minne iliyopita alinunua huko vitu vya nyumbani vya mzungu mmoja mzee, mwalimu mstaafu aliyekuwa anarudi kwao. Kulikuwa na viti, sufuria, mapazia, na boksi moja ambalo hakulifungua mpaka alipofika Kyela. Ndani alikuta askari wa plastiki zaidi ya mia mbili, kila mmoja urefu wa kidole gumba. Baadhi walikuwa wamepakwa rangi kwa ustadi mkubwa. Wengine walikuwa bado vipande vipande, mikono huku na vichwa kule, wameshikana kwenye vijiti vyao kama walivyotoka kiwandani.

Godwin aliwatandaza sokoni siku mbili. Akina mama waliwashika, wakawapima kwa macho, wakasema mtoto atawameza. Siku ya tatu aliwapeleka kwa Tusajigwe kuomba gundi, kwa sababu mikuki mitatu ilikuwa imevunjika. Tusajigwe aliwasogeza chini ya taa yake ya kazi. Alimwinua mmoja, akatazama vidole vyake vilivyoshika ngao, akahesabu kucha. Akamwambia Godwin alete yale meno yake ya chini yaliyopasuka tangu Krismasi, atayaunga bure, na boksi libaki.

Ndani ya boksi mlikuwa pia na vijitabu viwili vya Kiingereza. Tusajigwe hakuvielewa sana, akaviweka kando mpaka alipokuja Mwalimu Aliko kupimwa jino. Aliko anafundisha historia sekondari huko Katumba Songwe. Ni mtu mrefu, mwenye miwani, wa maneno machache, ambaye hawezi kupita kaburi la zamani bila kusoma lililoandikwa. Alikaa kwenye kiti mdomo wazi, nta ikiwa imemjaa fizini, macho yakamwangukia mwanajeshi aliyesimama kando ya taa. Alianza kuzungumza kabla nta haijatolewa. Ilipotolewa, Tusajigwe alielewa kwamba yule alikuwa mpanda farasi wa Kirumi, na wale kule walikuwa wapiga mishale wa Uajemi, na wale wenye makoti ya chuma walikuwa watu wa Ulaya ya miaka mia nane iliyopita.

Aliko aliviazima vile vijitabu. Baada ya wiki mbili alirudi akiwa amevitafsiri kwenye daftari. Ulikuwa mchezo. Kila mtu anapanga jeshi lake mezani. Ukitaka askari wasogee unapima kwa futikamba, na ukitaka wapigane unarusha dadu. Kijitabu cha kwanza kilihusu vita vilivyopiganwa kweli. Cha pili kilikuwa na sheria zile zile, ila vita vyake vilikuwa vya nchi isiyokuwapo: majitu, watu wenye mabawa, viumbe wenye kichwa cha mnyama na mwili wa mtu. Aliko alikitafsiri hicho cha pili kwa uaminifu, kama mtu anayemaliza chakula asichokipenda ili asimvunjie heshima mwenyeji.

Wakaanza kucheza Jumapili mchana baada ya ibada, kwenye meza ya kazi ya Tusajigwe, kwa dadu za ludo. Jumapili mashine ya mpunga hupumzika. Siku nyingine ikiwashwa meza hutetemeka na majeshi yote mawili huanguka kabla ya vita. Walipigana vita vya Warumi. Mwalimu alishinda karibu kila mara, kwa kuwa alijua ni nani aliyeshinda kweli na kwa njia gani. Tusajigwe hakujali. Furaha yake ilikuwa kuwapaka rangi wale waliobaki.

Na rangi ndiyo iliyomponza. Rangi za mzungu hazikuwapo Kyela, akatumia rangi ya kucha. Askari wa kwanza aliyempaka alilainika uso. Pua ilikwenda, midomo ikavimba, na mashavu yakashuka. Tusajigwe alimkamata kwa koleo ili amtupe, akamgeuza mara moja zaidi kwenye mwanga, akaona kwamba hakuwa ameharibika. Alikuwa amekuwa kiboko. Alichukua sindano ya moto akamtobolea matundu ya pua, akachanganya ule unga wa waridi anaotengenezea fizi na dawa yake ya maji, akamwongezea taya na meno mawili. Meno, bila shaka, yalikuwa mazuri kupita kiasi.

Tangu siku hiyo alianza kukata. Alikata shingo kwa msumeno mwembamba kama uzi, akatoboa kwa keekee, akapachika kipande cha pini ya stepla kiwe mfupa, juu yake akafinyanga kichwa kwa nta, kisha akakigeuza kuwa kile kitu kigumu cha fizi. Ile dawa ya maji huyeyusha plastiki kidogo tu na kuishikisha, kwa hiyo kichwa haking'oki. Waajemi wakawa na vichwa vya samaki mbasa. Wale wa makoti ya chuma, kwa kuwa walikuwa na magamba tayari, wakawa mamba. Alitengeneza furukombe, yule tai mla samaki, mwenye mikono ya mtu, na mganga aliyezungukwa na wingu la wadudu wale wanaopanda juu ya ziwa kama moshi. Wingu alilifanya kwa pamba na mbegu za ulezi. Akawa na kijitabu cha pili mezani, na jeshi lake likawa la ziwa letu hili.

Aliko alivumilia. Alisema, kwa adabu, kwamba ni kazi nzuri, ila historia yenyewe ina maajabu ya kutosha. Wakakubaliana kugawana boksi: Warumi wa mwalimu, wengine wa Mama Lusungu. Aliko alipenda zaidi wapanda farasi kumi na wawili, ambao mzungu alikuwa amewapaka rangi hadi kifungo cha mwisho. Alitaka kuwapeleka darasani wanafunzi waone.

Alhamisi moja aliwaleta kwa pikipiki ndani ya mkoba, na barabara ya Katumba Songwe unaijua. Farasi wengi walivunjika miguu. Tusajigwe alikuwa na mgonjwa, kwa hiyo mwalimu aliliacha boksi mlangoni na kusema: naomba uwatengeneze kama wale wengine, nitawapitia Jumapili. Aliwaza wale askari wa miguu ambao Tusajigwe aliwaunga mikuki mwezi uliopita. Tusajigwe akawaza jeshi lake. Alifurahi mno. Alidhani mwalimu hatimaye ameelewa.

Alifanya kazi siku mbili karibu bila kula. Farasi aliwaunga miguu, na wapandaji wote kumi na wawili akawapa vichwa vya korongo, wenye midomo mirefu na taji la manyoya kisogoni. Vile vichwa vya Kirumi alivifagia pamoja na vumbi la meno.

Jumapili Aliko alikuja na karanga za kuchemsha kwenye kikapu. Tusajigwe alifunua kitambaa. Mwalimu alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimwinua mpandaji wa kwanza akamrudisha taratibu mahali pake. Hakupandisha sauti.

"Mama Lusungu," alisema, "hawa walikuwa watu."

Tusajigwe akaeleza alivyosikia. Aliko akaeleza alivyokusudia. Kila mmoja alisema kosa ni la kwake. Kisha mwalimu akasema darasa lipo kesho na ana maandalizi, akaacha karanga mezani, akaondoka bila askari wake.

Jumapili tatu hakuonekana. Tusajigwe alimtumia ujumbe, akajibiwa kwamba ni mitihani. Alijua kalenda ya mitihani. Binti yake ni mwalimu mtarajiwa. Ezekiel alimwambia hawa ni midoli ya plastiki, mtu mzima atasahau. Tusajigwe alimwambia mumewe kwamba siku atakapoamka na kukuta miti yake ya kakao imekuwa migomba mizuri sana, ndipo wazungumze.

Akaamua kumrudishia vichwa. Hapo ndipo alipokutana na kazi ngumu kuliko zote alizowahi kushika. Kiboko ukimkosea kidogo bado ni kiboko, lakini uso wa mtu, hasa wa ukubwa wa punje ya haragwe, ukiukosea unywele mmoja kila mtu anaona. Alichonga vichwa vinane vya nta. Vyote vilitazama mbele kwa macho ya samaki. Akavifunga kwenye kopo, akapanda gari la Matema, akavuka kwa mtumbwi kwenda kwa mama yake.

Damaris alikuwa amekaa chini, akizungusha chungu kikubwa huku akikilainisha ukingo. Ana miaka sabini na minne. Meno aliyotengenezewa na mwanawe huyahifadhi ndani ya kijichungu chenye kifuniko na huyavaa kanisani tu. Chakula, anasema, anakimudu mwenyewe. Aliangalia vile vichwa kimoja kimoja kwenye kiganja.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni askari, Mama."

"Askari nani?"

Tusajigwe akasema si mtu fulani, ni Mrumi tu, wa zamani. Damaris akavirudisha kwenye kopo. Akasema yeye hajawahi kufinyanga chungu tu. Hufinyanga chungu cha maji, au cha mboga, au cha mke wa mchungaji ambaye mkono wake ni mdogo. Kisha akamwagiza alete kuni, maana hakuja kutalii. Usiku huo Tusajigwe hakugusa nta. Asubuhi, mama yake akiwa amekaa pale pale amekunja uso juu ya chungu kilichopasuka, alimchonga. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kilemba. Damaris alipoonyeshwa kichwa hicho alisema pua si yake, ila alikiomba akitazame mara ya pili, na ya tatu.

Vichwa vingine kumi na kimoja alivichongea Kyela. Alichukua nyuso alizozijua kwa vidole, kwa sababu fundi meno hushika taya za watu mwaka mzima: mchungaji, mwenye mashine ya mpunga, Godwin, muuza vitumbua wa pale kona. Mimi ni wa saba. Nilimuuliza kwa nini amenifanya mnene shingoni, akanijibu nikajipime.

Siku ya Jumatano alipanda pikipiki na boksi mapajani, akamwambia dereva aende kama amebeba mayai. Alimkuta Aliko darasani, katikati ya kipindi. Mwalimu alitoka mlangoni, wakasalimiana kwa Kinyakyusa, kwa heshima zote, kama watu waliokutana msibani. Tusajigwe akafungua kifuniko.

Aliko aliinama. Alitazama safu nzima, kisha akamtoa yule wa mbele, kiongozi wa kikosi. Alikuwa na uso mrefu na juu ya pua alikuwa na waya mwembamba mno uliopindwa duara mbili.

"Warumi hawakuwa na miwani, Mama Lusungu."

"Najua, Mwalimu. Huyu aliazima."

Mwalimu akaanza kucheka. Si mtu wa kucheka, kwa hiyo kicheko hakikujua njia ya kutokea, kikatoka puani, miwani ikapata ukungu, wanafunzi wakaja dirishani kuona kilichompata. Aliwaita wote. Walipomtambua mwalimu wao juu ya farasi, darasa halikurudi kwenye utulivu mpaka kengele, na inasemekana katika mtihani wa mwaka ule hakuna mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekosa swali la Roma. Wale korongo Aliko alisema vichwa vyao visitupwe. Vikapewa miili mingine.

Mwezi uliofuata akaja mtu kutoka Karonga. Jina lake Kondwani, muuza dawa, kijana wa miaka thelathini hivi, na lugha yao ya kule na Kinyakyusa chetu ni ndugu wa tumbo moja, hata hawakuhitaji Kiswahili sana. Alikuwa amemtafuta Godwin soko kwa soko. Yule mzungu alimfundisha mchezo huo tangu akiwa shule, wakacheza pamoja miaka mingi. Siku vitu vinauzwa Kondwani alikuwa safarini, na aliporudi boksi lilikuwa limevuka daraja la mpakani. Alitaka kuliona.

Tusajigwe aliniambia baadaye kwamba moyo ulimshuka hadi kwenye kandambili. Alikuwa amekata karibu mia moja. Aliwapanga mezani wote, mbasa, mamba, furukombe, mganga na wadudu wake, akaketi na mikono mapajani kama mtu anayesubiri hukumu. Kondwani aliwachunguza muda mrefu. Akasema yule mzee aliwapaka rangi miaka kumi na miwili akifuata vitabu, na hakuwahi kumkata hata mmoja. Alikuwa akisema siku moja atajaribu, halafu anakiweka kisu.

"Angechukia?" Tusajigwe aliuliza.

Kondwani alifikiri. "Angenuna siku mbili. Siku ya tatu angeomba kumshika huyu kiboko."

Hakudai boksi. Alidai mechi. Yeye mwenyewe alikuwa na jeshi, zawadi ya mzee, askari themanini safi wasioguswa. Wakapanga Jumamosi ya pili, Talatala, nyumbani kwa Ezekiel, kwa sababu meza za kuanikia kakao ni pana kuliko meza yoyote wilayani na zina paa la kuvuta. Ezekiel aliondoa kakao kwenye meza moja kwa shingo upande, akasisitiza kwamba jua likiwa kali atairudisha, vita viwe vimekwisha au la.

Nilikwenda kushika futikamba. Nilikuta watu kama arobaini, wengi wao wakiwa wamesikia kwamba nyuso zao zimo. Mezani Tusajigwe alikuwa ametandika kitenge cha bluu kuwa mto, akaweka daraja moja juu yake, na milima aliijenga kwa plasta ya kuchukulia sura ya meno. Ukiangalia vizuri mteremko mmoja ulikuwa na alama ya magego ya mtu. Hewa ilinuka kakao iliyovundikwa, ule ukali kama wa siki. Damaris aliletwa kutoka Ikombe, akapewa kiti cha mbele, na kwa heshima ya mgeni alikuwa amevaa meno.

Jeshi la ziwa na wapanda farasi wa mwalimu walikuwa upande mmoja, Kondwani peke yake upande wa pili. Aliyeshika daraja mpaka mwisho ndiye mshindi. Aliko alitaka kungoja, kama walivyongoja Warumi mahali fulani alipopataja. Tusajigwe alitaka kwenda. Wakaenda. Wa kwanza kufa alikuwa mchungaji, na mchungaji mwenyewe, aliyesimama nyuma yangu na chupa ya soda, alisema huo ni mwanzo mbaya kwa nchi yoyote. Wa pili nilikuwa mimi. Mwenye mashine ya mpunga alipona mishale mitatu mfululizo, na kila alipopona mkewe aliwapa mkono majirani.

Mamba walivuka mto vizuri. Wadudu wa mganga waliwapofusha wapiga mishale wa Kondwani zamu nzima, na hapo nilimwona kijana akijifuta jasho. Halafu jemadari kiboko, aliyekuwa katikati ya daraja na ushindi miguuni pake, akatakiwa arushe dadu kuthibitisha kwamba hatishiki. Kitu chochote isipokuwa moja kingetosha. Tusajigwe alipuliza dadu, akairusha, ikagonga mlima wa magego, ikasimama. Moja.

Kwa sheria, jemadari aliyetishika hukimbia na walio karibu humfuata. Nilipima mwenyewe. Kiboko alikimbia mpaka ukingo wa meza na jeshi zima la ziwa nyuma yake, na daraja likabaki na mtu mmoja tu, mwanamke aliyekunja uso juu ya farasi.

"Mimi sikimbii?" Damaris aliuliza.

Aliko akamweleza kwamba yeye ni kikosi kingine, haimhusu. Damaris akatikisa kichwa kuonyesha kwamba alitegemea hivyo. Alisimama darajani zamu mbili zaidi, akaua askari watano wa Kondwani, ndipo akaanguka. Watu walimpigia makofi ya kweli, na Kondwani alizunguka meza, akapiga goti, akamshukuru kwa vita: ndaga fijo. Ezekiel alikuwa tayari ameshika kapu la kakao.

Siku ile Tusajigwe alishindwa, na sijawahi kumwona mtu aliyeshindwa akiwa vile. Watu hawakuondoka. Walizunguka meza wakiwainua askari mmoja mmoja, wakiuliza huyu umemfanyaje, haya manyoya ni nini, hili jino umelichonga na nini, naye alijibu kila swali kwa urefu, taratibu, akionyesha kwa vidole, na kilemba kilikuwa kimemwendea upande bila yeye kujua. Miaka ishirini amewatengenezea watu vitu vya kufichwa mdomoni.

Kabla ya kuondoka Kondwani alitenga askari ishirini wa kwake, wale safi, akawaweka mbele ya Tusajigwe. Mkono wake haukutaka kuwaachia mara moja. Alisema awafanye vyovyote apendavyo. Tusajigwe alimwomba aseme wazi vyovyote maana yake nini, na wakakaa wakiandika makubaliano hadi jua likaanza kuwa la manjano.

Mechi ya pili ilikuwa kwao, Karonga, Agosti iliyopita. Tulikwenda watu watano na maboksi mawili. Hapo mpakani Kasumulu ofisa mmoja kijana alifungua boksi la kwanza, akakutana na mamba aliyevaa koti la chuma. Alifunga, akafungua tena. Akauliza ni kitu gani. Godwin, aliyezoea mambo ya pale, alisema ni vitu binafsi. Mwalimu alisema ni zana za kufundishia. Ofisa aliuliza mwenyewe hasa ni nani, Tusajigwe akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Basi akamwita mwenzake, na wa tatu akaja mwenyewe. Walitaka kujua nani mkubwa kati ya kiboko na furukombe, na yule bibi ni nani, na kwa nini muuza vitumbua ana upanga. Foleni nyuma yetu ikapiga honi. Yule kijana akarudi kwenye fomu yake, akafikiri, akaandika huku akitamka: sanamu ndogo, mia moja na kumi na sita, kazi ya mikono ya mwenyewe. Akamgeuzia aweke sahihi.

Tusajigwe alisoma mstari ule, akausoma tena, akaomba kalamu. Halafu tukavuka daraja. Karonga tulishindwa kwa mara ya pili, vibaya zaidi, na tumewaalika waje Desemba.